Mwacheni papeti akosee, watoto watamrekebisha

Nianze na kitu nilichokiona Nyalenda muhula uliopita. Shule ya msingi, saa nne na nusu asubuhi, watoto wote wametolewa madarasani kuanzia PP1 ya chekechea mpaka gredi ya sita, wameketi kwa nyasi na jua la Kisumu mnalijua. Mbele kuna jukwaa la vitambaa vyeusi, spika mbili kubwa za kukodi, jenereta inanguruma nyuma ya choo. Ni kikundi cha vijana wameletwa na mradi fulani wa usafi waje wafundishe watoto kwa mapapeti, yaani vikaragosi vya kuchezeshwa kwa mkono. Na hao vijana wanajua kazi, hilo niliseme mapema, vichwa vya magazeti na gundi vimepakwa rangi safi, macho yanazunguka, kila papeti na sauti yake. Shoo ikaanza, papeti mmoja mchafu na mwingine msafi. Mchafu anakula embe na mikono ya matope, tumbo linamkata, anakimbia chooni, anarudi, anakimbia tena, watoto wanacheka mpaka wengine wanalala chali. Alafu msafi akaingia, akashikishwa maiki, akaanza hotuba. Nyakati muhimu za kunawa mikono, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kabla afike ya nne watoto wa mbele walikuwa wanang'oa nyasi, wa nyuma wanasukumana, na mwalimu wa zamu amezunguka mara mbili kuwanyamazisha.

Kengele ya chakula ikalia. Watoto wakapanga laini ya nyoyo, mahindi na maharagwe, pale jikoni, tangi la maji liko hapo hapo kando na limekauka, sabuni hakuna. Kijana mdogo, gredi ya pili hivi, akapita mbele yangu akiigiza yule papeti mchafu, ameshika tumbo, anakimbia akizunguka, wenzake nyuma yake wanafanya vilevile, kila mmoja na sahani, na mikono haijaguswa na maji tangu watoke nyumbani.

Nilirudi nyumbani nikiwa na uchungu, juu mimi nimeshika mapapeti kwa miaka kumi na kitu hapa Kisumu, Siaya na hata Kakamega, na naamini kabisa hakuna kitu kinaingia kwa moyo wa mtoto mdogo haraka kama kikaragosi. Lakini naona tumefanya papeti akuwe spika. Tumechukua hotuba ile ile ya mtu mzima, tukaivalisha soksi. Na ninachotaka kusema leo ni hiki, papeti wa kufundisha watoto anafaa ajue kidogo kuliko mtoto mwenyewe. Akijua zaidi yake ashakua mwalimu mwingine, na mtoto walimu anao tayari, ana mama, ana madam, ana ticha wa sandei skuli, ana jirani. Mtu asiyekuwa naye kabisa ni yule anayemhitaji yeye amfundishe.

Wakenya wengi ukiwatajia papeti wanafikiria wale wa siasa tulianza kuwaona kwa TV 2009, wenye sura za wakubwa. Lakini kazi ya papeti kufundisha hapa kwetu ni ya kitambo kuliko hiyo. Katikati ya miaka ya 90 kulikuwa na vikundi vya vijana waliofunzwa kuzunguka masoko na vijiji na mapapeti wakiongelea ukimwi na afya ya uzazi, na mbegu ya hiyo kazi ilitoka Afrika Kusini ambako msanii wa mapapeti Gary Friedman alianza shoo za kupambana na ukimwi 1987. Yale mapapeti ya kule yalipakwa nyuso za kijivu, makusudi, ili kwa nchi iliyokua imegawanywa kwa rangi mtu asiseme huu ugonjwa ni wa wale, sisi haituhusu. Hiyo kijivu nitairudia mbele, juu sisi huku hatukugawanywa kwa rangi lakini tuna vyetu.

Na wakubwa waliweza kuongea na papeti mambo wasingeongea na daktari. Mama wa soko Kibuye hangesimama kumuuliza nesi maswali ya kondomu mbele ya watu, lakini papeti alipouliza swali la kijinga, huyo mama alijibu kwa sauti na soko lote likaskia. Angalia hapo nani alikuwa anafundisha nani.

Marekani waligundua kitu kama hicho kwa watoto, na waligundua kwa kupima. Sesame Street, kile kipindi cha TV cha watoto wadogo, kabla haijaanza kuonyeshwa Novemba 1969 walikuwa na mtindo wa kumweka mtoto mbele ya TV yenye kipindi, na kando yake skrini nyingine inayobadilisha picha kila sekunde saba na nusu, alafu mtu anaketi tu anaandika mtoto ameangalia wapi saa gani. Wataalamu walikuwa wamewashauri wasichanganye watu na mapapeti kwa onyesho moja, eti mtoto atachanganyikiwa kipi cha kweli kipi cha uongo. Walipojaribu na watoto wa Philadelphia, macho yalikuwa kwa kipindi kila mapapeti wakiingia, na wakibaki watu wazima peke yao wakiongea, macho yanaenda. Basi wakaacha ushauri, wakamleta Big Bird, yule ndege mkubwa wa manjano, barabarani na watu. Na huyo ndege, kimo chake chote hicho, akili yake ni ya mtoto wa miaka sita, hajui vitu vingi. Mwigizaji mmoja mzee wa kipindi hicho alipofariki, mwaka 1983 waliamua wasimfiche mtoto. Hawakumpa ndege kazi ya kueleza kifo. Walimfanya ndiye haelewi, amechora picha za marafiki wake wote, anatafuta mzee ampe yake, anauliza mbona harudi, na wakubwa wanamjibu wakilengwa na machozi. Mtoto aliyeketi nyumbani akaskia swali lake likiulizwa na mwingine.

Alafu kuna upande ule mwingine ambao watu wa miradi wangeuangalia zaidi. 1992 watu hao hao walirekodi kipindi kizima kuhusu wazazi wanaotalikiana, wakakijaribu kwa watoto kwanza, wakakuta watoto wengi wanatoka wakidhani mzazi akihama nyumba hampendi tena, wengine wanaanza kuogopa kila ugomvi. Hakikuonyeshwa. Walikifungia. Hapa kwetu ni lini umeona shoo ya papeti imejaribiwa kwa watoto kumi, ikakutwa inaleta maana mbaya, ikawekwa chini? Script inaandikwa ofisini Milimani, inapitishwa na watu wazima saba, mtoto wa kwanza kuiona anaiona siku ya shoo yenyewe na spika ziko tayari.

Sasa mtu ataniuliza, na ni swali la haki, kama papeti anakosea mbele ya watoto si wataiga makosa? Wataiga. Kwa hakika wataiga, yule kijana wa Nyalenda aliiga. 1961 pale Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwanasaikolojia Albert Bandura na wenzake walichukua watoto 72 wa chekechea, wengine wakaonyeshwa mtu mzima akimpiga mwanasesere wa kupuliza, anamkalia, anamgonga na nyundo, alafu watoto wakaachwa chumbani na mwanasesere huyo. Walioona walipiga zaidi, na wengine walipiga vile vile walivyoona, mpaka maneno waliyoskia. Lakini cha kunishika mimi ni kile walichofanya baadaye, 1965. Safari hii kuna watoto walionyeshwa yule mpigaji akiadhibiwa mwishoni, na kweli hao waliiga kidogo. Basi wakaahidiwa zawadi wakionyesha walichokiona. Wakaonyesha waliyoyaona, sawa sawa na wale wengine. Kumbe adhabu ya mwisho ilizuia tu mikono, kichwani yale waliyojifunza yalibaki yamehifadhiwa.

Ukielewa hilo unaona shida ya shoo zetu nyingi. Dakika kumi na tano za utundu mtamu, dakika moja ya adhabu, dakika tano za hotuba, tunaenda nyumbani tukiamini mtoto amebeba ile hotuba. Amebeba utundu. Tena amebeba ukiwa umepambwa na muziki na kicheko cha watoto mia tano.

Kwa hivyo kukosea kwa papeti kuna namna zake, na hapa ndipo ufundi wote uko. Kuna kosa la kutojua na kuna kosa la utamu. Papeti anayeshika sabuni akadhani ni mandazi, akataka kuiuma, huyo hajui, na mtoto anaruka juu kumwambia, yaani kosa linakatwa katikati na mkatizaji ni mtoto. Papeti anayeiba pesa ya bibi akanunua chipsi, akala, akalamba vidole, ndio akashikwa, huyo umemfundisha mtoto namna ya kuiba na umemwonyesha chipsi. La kwanza chukua, la pili achana nalo ata kama linachekesha zaidi. Na kosa lisipite pumzi mbili kabla kurekebishwa. Ukiona papeti wako amekosea dakika nzima na watoto hawajasema kitu, simama, muulize mtoto wa mbele, usiendelee na script.

Bibi zetu walijua hii kitu bila semina. Zamani Waluo walikuwa na siwindhe, nyumba ya mama mzee ambapo watoto walilala wakiskia hadithi na vitendawili, na Ondiek, fisi, kila usiku alikuwa mjinga upya. Leo anadanganywa na Apwoyo sungura, kesho anadanganywa tena kwa njia nyingine, na mtoto wa miaka mitano aliona mbele mtego ambao fisi mzima hauoni. Alilala akijiona ana akili. Bibi hakumalizia na "kwa hivyo watoto tunajifunza nini."

Nikuambie juu ya Omosh. Kuna madam wa PP2 kwa shule ndogo mtaa wa Manyatta, darasa la mabati, watoto thelathini na nane. Omosh ni soksi ya shule ya kijivu iliyopotelewa na mwenzake. Jicho la kushoto ni kifungo cha shati, la kulia ni kifungo cha koti, kubwa mara mbili, kwa hivyo anaonekana kama ameshtuka kila wakati. Mdomo ndani ni kitambaa chekundu cha sweta kuukuu, nywele ni uzi wa kusukia. Jukwaa hakuna. Madam anamvaa mkononi mbele ya watoto, wanauona mkono wake, wanaona midomo yake inasonga, na hawajali hata kidogo, wanaangalia Omosh juu yeye pia anamwangalia Omosh. Hiyo ni siri ya kwanza ya kushika papeti ambayo watu hulipia semina kuambiwa, ukimwangalia papeti na watoto watamwangalia, ukiangalia watoto wataangalia wewe.

Nje ya mlango kuna kibuyu chirizi, mtungi wa lita tano umetobolewa tundu, kamba, kijiti cha kukanyaga, na kipande cha sabuni kimefungwa kwa wavu wa vitunguu. Siku niliyoenda Omosh alitoka hadi pale kabla ya uji, akakanyagiwa kijiti, akaingiza kichwa kwa maji badala ya mikono. "Ooyo! Ooyo Omosh!" darasa lote, yaani hapana. Msichana mmoja wa meno yaliyong'oka akamfuata, akamshika shavu, akamwambia polepole kama mama anavyoongea na mtoto, "Si kichwa. Mikono. Alafu sabuni, alafu hapa katikati ya vidole." Omosh hana vidole. Huyo msichana alisimama akafikiria hilo kwa muda, alafu akanyoosha mikono yake mwenyewe akasema, "Basi angalia zangu." Akanawa zote mbili, nyuma, mbele, katikati, kucha, na Omosh akiinama kuangalia, na watoto thelathini na saba nyuma yake wamenyamaza kimya wakiangalia pia.

Omosh alilowa. Ni soksi, lazima alowe. Madam akamwanika kwa kamba ya dirisha na kibanio, na siku hiyo yote watoto walikuwa wanamwangalia akikauka. Asubuhi yake, aliniambia, swali la kwanza waliloingia nalo darasani ni kama Omosh amepata homa.

Hakuna spika hapo, hakuna jenereta. Na maji yapo, hiyo ndio ningetaka isomwe mara mbili. Maji yapo mita tatu kutoka kwa papeti. Mnakumbuka 2020 wakati wa korona tulijaza matangi ya kunawia kila mlango wa shule, duka na stejini. Sai mengi ukiyafungua unakuta viluwiluwi vya mbu, mfereji umeng'olewa. Huwezi kumwamsha mtoto hamu ya kunawa alafu umpeleke kwa mfereji mkavu, juu anachojifunza siku hiyo ni kwamba maneno ya wakubwa ni ya kuchezewa tu. Ningekuwa naamua mimi, mradi wowote wa papeti wa usafi ungeulizwa kwanza maji na sabuni viko wapi, na kama haviko basi pesa ya spika iende kwa mitungi ya lita tano.

Na kuna suala la muda. Tabia haijengwi kwa siku ya shoo. Kuna utafiti wa London wa 2009, watu wazima 96 kila mmoja akachagua jambo dogo la kufanya kila siku, wastani wa siku mpaka jambo likaanza kujiendea lenyewe ulikuwa 66, wa haraka siku 18, wa polepole ikakadiriwa 254. Siku 66 za kwenda shule ni karibu muhula mzima. Omosh anatoka kwa droo kila siku kabla ya uji, dakika tatu, muhula mzima. Kikundi cha kukodi kinakuja kwa muda wa saa moja na nusu, kinapiga picha, kinaenda Ahero, na ripoti inaandikwa watoto wote wa shule wamefikiwa. Papeti wa mkono hamshindi kiatu kwa ukubwa, mtoto wa mstari wa kumi na tano hakufikiwa na kitu, ameona kitambaa cheusi tu na vichwa vya wenzake.

Sisemi vikundi vivunjwe, hapana, hao vijana ni hazina na wengi wao ndio chakula chao. Nasema kazi yao ibadilike. Badala ya shoo kumi kwa shule kumi, wakae shule moja wiki nzima wakiwafundisha walimu wa chini kushona na kushika, venye mdomo unafunguka kwa silabi na haufunguki kwa kila neno ovyo, venye papeti anapumua, venye anasimama wima bila kuzama polepole mkono ukichoka. Mtaala wa umilisi, CBC, wenyewe unataka mawasiliano na ushirikiano, fikra tunduizi, ubunifu, uraia na kadhalika, uwezo saba, na walimu wanalia watawafikishaje watoto wa miaka mitano huko. Soksi moja inafika kwa kadhaa kwa wakati mmoja. Na haiwezi kumfilisi mzazi kama vile vitu vingine tunatumwa kununua saa tatu usiku.

Ile kijivu sasa. Omosh ni jina la mtaani, mtu wa Kisumu akiliskia anajua ni Omondi. Kwa Manyatta ni sawa, mtoto anaskia jina la nyumbani. Lakini mwenzangu mmoja anayefanya kazi hii Nakuru aliniambia yeye hathubutu, darasa lake lina Mkikuyu, Mkalenjin, Mluo, Mkisii, Mluhya, Mturkana, na wazazi wao wengine bado wana makovu ya vurugu za baada ya uchaguzi za 2007 na 2008. Ukimpa papeti mjinga jina la kabila moja, umeshaweka mbegu. Papeti wake ni wa kijani kabisa, anaitwa Tunda, na watoto wakimuuliza ametoka wapi anasema kwa begi. Mimi nilidhani hiyo ni kujihami kupita kiasi mpaka nikakumbuka shoo moja nilifanya mwenyewe Kakamega miaka ya nyuma, papeti mlafi nikampa lafudhi ya watu fulani, watoto wakacheka sana, na mtoto mmoja kati yao hakucheka, akainamisha kichwa mpaka tukamaliza. Sijarudia tena. Anayekosea kwa papeti asiwe na lafudhi ya mtu yeyote aliyeketi hapo.

Kitu kigumu kuliko vyote ni mapapeti ya kufundisha watoto kujilinda, miguso mibaya, siri mbaya. Hapa nguvu ya papeti inakuwa ya kuogopesha. Mtoto ambaye hajamwambia mamake ataambia soksi. Nimeona hilo, mtoto kanong'ona kwa skio la papeti, mkono wangu ndani, na mwili wangu wote ukapoa. Afrika Kusini 2002 walimleta Kami kwa kipindi cha watoto cha TV, papeti wa miaka mitano anayeishi na virusi vya ukimwi, na alifanya kazi kubwa ya kuonyesha watoto kwamba unaweza kumkumbatia mwenzako na kucheza naye, jambo ambalo huku kwetu Nyanza tulilihitaji kama maji. Kami alikuwa mtoto anayeongea mambo yake mwenyewe. Hakuwa mpelelezi. Nimeona shoo ambapo papeti anauliza uwanjani, mbele ya shule nzima, "Nani hapa ameguswa vibaya anyooshe mkono." Hilo ni kosa kubwa sana na linafaa kukatazwa. Mtoto akinyoosha utamfanyia nini hapo mbele ya watu? Asiponyoosha, si umemfundisha kwamba siku ya kusema ilipita na alinyamaza?

Papeti wa somo hili aje akiwa na fumbo lake, "mtu mkubwa aliniambia nisimwambie mama, na mimi sasa tumbo linaniuma, nifanye nini?" na aachie hapo watoto wamshauri, watamwambia mwambie mama, mwambie bibi, mwambie madam, na kila anayesema ameshajiambia mwenyewe. Asiwaulize wao kitu. Na kabla soksi haijavaliwa, kuwe na mwalimu mmoja anayejua mtoto akija baadaye anamsikiliza bila kumhoji, bila kumlisha maneno, anajua afisa wa watoto yuko wapi, anajua 116, ile laini ya bure ya watoto. Kama huyo mtu hayuko hiyo shoo isifanywe. Afadhali tufanye ya meno.

Wiki iliyopita madam wa Manyatta alinipigia. Alikuwa amewauliza watoto Omosh bado hajui nini, akitafuta mambo ya muhula huu, nao wakampa orodha ndefu, hajui kufunga kamba za viatu, hajui kusema pole, anachomoa neti ya mbu anafunika nayo vifaranga kama mjombake. Alafu kijana mmoja ambaye babake ni mvuvi Dunga akasema, Omosh hajui kuogelea na jana alienda ziwani peke yake. Madam alitaka kujua aifanye vipi hiyo.

Tuliongea karibu saa nzima. Nilimwambia hilo kosa moja Omosh asilifanye hata robo, asilowe hata ncha, juu siku ya kumwonyesha akizama na kuokolewa ndio siku mtoto atataka kuokolewa. Tukakubaliana Omosh atafika kwa mstari wa chaki sakafuni, hapo ndipo maji yanaanzia, na atasimama. Atauliza tu, hapa maji ni marefu kiasi gani? Na atangoja, ata kama darasa litachukua dakika mbili kujibu.

Jana akanitumia ujumbe. Walijibu wote kwa mpigo, hakuna kilichoskika. Alafu yule mtoto wa mvuvi akatoka kwa dawati, akamchukua Omosh kutoka kwa mkono wa madam, jambo ambalo hakuna mtoto alikuwa amewahi kulifanya, akaenda akamketisha mbali na chaki, kando ya mlango, na akaketi naye hapo. Madam akamuuliza mnangoja nini. Akasema, "Tunangoja baba arudi na boti."